Kifuniko kilichobaki stoo: Njia za mkato na mashine za shambani

Katika toleo hili tulikusudia kuandika somo la kawaida juu ya matunzo ya mashine za kilimo. Tulipokaa kulipanga, mmoja wetu aliuliza kama tuna ujasiri wa kuanza na kosa letu wenyewe kabla ya kusimulia ya wengine. Tumeona ni haki kuanzia hapo.

Siku ya koti

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tukifanya kazi na kikundi cha wakulima wa mahindi katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania. Kikundi kilikuwa na trekta moja kuukuu aina ya Massey Ferguson, na mashine ya kupukuchua mahindi iliyoendeshwa na trekta hilo. Kwa wasiofahamu, nyuma ya trekta kuna ncha ya chuma inayozunguka, ambayo madereva huiita PTO. Shafti ndefu hufungwa hapo na kupeleka nguvu ya injini kwenye mashine. Shafti hiyo hutoka kiwandani ikiwa imevikwa bomba la plastiki lisilozunguka nayo, na pale inapoungana na trekta kuna kifuniko cha bati. Kazi ya vitu hivyo viwili ni moja tu: kuzuia nguo, nywele na mikono isiguse chuma kinachozunguka.

Bomba la plastiki la mashine yetu lilikwisha kupasuka zamani. Kifuniko cha bati alikitoa fundi wa ofisi yetu ili apate nafasi ya kutia grisi kwenye maungio. Kukirudisha kulihitaji bolti nne, na mbili zilikuwa zimeliwa meno. Tukasema tutanunua mjini. Kifuniko kikawekwa stoo. Msimu wa kwanza ukapita, na wa pili ukapita. Mama mmoja wa kikundi alitueleza baadaye kwamba alikuwa akianikia mbegu za maboga juu yake, maana ni bati zuri na halina kutu.

Msimu wa tatu, mwishoni mwa Oktoba, mahindi ya kaya kadhaa yalikuwa yamerundikwa uwanjani na mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika. Wawili kati yetu tulikuwepo. Dereva, kijana mwenye adabu, alitufuata kabla ya kuwasha. "Shikamooni wazee. Hii shafti iko wazi. Mnasemaje?"

Tulimjibu, "Marahaba, mwanetu. Malizia kwanza mafungu haya mawili. Kesho tutaifunika."

Tulikuwa tukitazama mawingu, si shafti.

Saa tisa alasiri kijana aliyekuwa akilisha mahindi kwenye mashine aliinama kuondoa magunzi yaliyoziba njia ya punje, upande ule ule wa shafti. Alivaa koti kubwa la mtumba kwa sababu asubuhi kulikuwa na baridi, na vumbi la mahindi huwasha mwilini. Ncha ya koti ikagusa ungio.

Tumepiga hesabu mara nyingi tangu siku ile. PTO ya kawaida huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kwa sekunde. Shafti yenye unene wa sentimita 7 ina mzingo wa sentimita 22 hivi. Zidisha kwa 9, utaona kwamba shafti inaweza kukunja karibu mita 2 za nguo kwa sekunde moja. Kutoka pindo la koti hadi begani si hata mita moja. Kwa hiyo tangu koti liguse chuma hadi mwili ufike, ilikuwa kama nusu sekunde. Hakuna mtu anayeweza kupiga kelele, dereva akasikia, akageuka na kuvuta wenzo kwa nusu sekunde. Wengine wetu tuliwahi kuwafundisha wakulima wawe "waangalifu" karibu na PTO. Leo tunaona neno hilo halikuwa na maana yoyote. Uangalifu ni wa polepole mno kwa chuma kile.

Kilichomwokoa ni uchakavu wa koti. Mshono wa bega uliachia, na koti lote likaenda na shafti pamoja na shati. Mkono wa kulia ulivunjika mahali pawili na mbavu tatu zikavunjika. Tulimlaza kwenye turubai nyuma ya gari la ofisi, safari ya saa mbili hadi hospitali. Alipona, lakini kiwiko hakinyooki hadi leo. Kabla ya hapo alikuwa akipata fedha kwa kulimia watu kwa ng'ombe. Kushika plau kunahitaji mikono miwili yenye nguvu.

Kikao

Kikundi kilikaa baada ya wiki mbili. Ni lazima tuseme ukweli kuhusu kikao kile. Maneno ya mwanzo yalikuwa juu ya koti. Nani alimwambia avae koti kubwa namna ile? Nani alimwambia ainame upande ule wakati upande wa pili ulikuwa wazi? Mmoja alisema ni uzembe, na wengi walitikisa vichwa kukubali. Sisi wa ofisini tulinyamaza, na kunyamaza kwetu kulitufaa.

Kisha akasimama mjomba wa kijana. Alisalimia wazee, akasema, "Ndugu zangu, sikuja kudai. Ningependa tu kuuliza, kile kifuniko kiko wapi?"

Hakuna aliyejibu. Baada ya muda mwenyekiti alimtuma mtoto stoo. Alirudi nacho mikononi akakiweka chini katikati yetu. Mbegu chache za maboga zilikuwa bado zimenasa kwenye kona zake.

Hapo ndipo tulipozungumza. Tulikiri mbele ya wote kwamba dereva alituuliza na sisi tukamwambia aendelee. Ofisi ililipa gharama za hospitali, na kikundi kikakubali kulima na kupalilia shamba la kijana kwa misimu miwili. Trekta lilisimama wiki tatu, mvua ikanyea mahindi yaliyobaki uwanjani, na sehemu yake ikaota ukungu na kutupwa. Bolti mbili tulizosema tutanunua mjini zilikuwa na bei ya soda moja.

Kwa nini watu wenye akili hukata njia

Ni rahisi kusema watu ni wavivu au hawajaelimishwa. Katika kazi yetu hatujaona hivyo. Dereva wetu alijua hatari ya shafti iliyo wazi. Ndiyo maana aliuliza. Mara nyingi mtu anayekata njia ni yule mchapakazi kuliko wote, anayetaka kazi iishe kabla ya mvua.

Tulipochunguza, tuligundua jambo moja ambalo halikuwa kwenye vitabu vyetu vya mafunzo. Walishaji wa mashine walikuwa wakilipwa kwa gunia. Kila dakika ambayo mashine imezimwa ili kuondoa magunzi, walishaji hawapati kitu, na wenye mahindi kwenye foleni wananung'unika. Kwa hiyo mfumo wetu wenyewe wa malipo ulikuwa ukimwambia kijana, kila siku, asizime mashine. Tukimfundisha usalama asubuhi na kumlipa kwa gunia jioni, somo la jioni ndilo atakaloshika.

Sababu nyingine ni umbali wa vipuri. Pini inapopotea shambani na duka liko kilomita 60, msumari wa nchi sita huonekana kuwa jibu. Wengi wetu tumefanya hivyo. Pini za kufungia mikono ya trekta zimetengenezwa ili zisichomoke kwa mtikisiko. Msumari uliopindwa huchomoka. Tuliwahi kuona jembe la diski likianguka barabarani trekta likiwa linatembea, na waliokuwa wakifuata kwa baiskeli waliponea chupuchupu. Diski mbili zilipasuka. Pakiti ya pini za akiba ingekaa kwenye kiboksi cha spana bila kuchukua nafasi yoyote.

Kuna pia sababu ya tatu, ambayo hatupendi kuisema: mara nyingi njia ya mkato hufaulu. Kifuniko chetu kilikaa stoo misimu miwili mizima bila mtu kuumia. Kila siku iliyopita salama ilitufundisha somo la uongo.

Trekta lililokwama

Mvua zikianza, matrekta hukwama. Hapo utaona watu wakileta mnyororo au gogo. Wengine hufunga gogo kwenye magurudumu ya nyuma ili yapate kushika. Wengine hufunga mnyororo mahali pa juu nyuma ya trekta, kwenye ungio la juu au kwenye ekseli, ili kuvuta kisiki au gari. Njia hizi mbili zimewaua madereva wengi duniani.

Sababu yake ni hii. Injini inalazimisha ekseli ya nyuma izunguke. Magurudumu yakiwa huru, yanazunguka na trekta linakwenda mbele. Magurudumu yakizuiwa kabisa, ile nguvu haipotei. Badala ya magurudumu kuzunguka, mwili wa trekta ndio unaoinuka na kuzunguka kwenye ekseli. Mbele inapaa na trekta linamfunika dereva. Jambo hili huchukua chini ya sekunde mbili. Mnyororo uliofungwa juu husaidia tu kulivuta trekta lipinduke nyuma.

Huenda msomaji hajui kwamba mfumo wa kufungia jembe kwa pointi tatu, ambao uko kwenye karibu kila trekta leo, unahusiana na ajali hizo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Harry Ferguson, fundi mzaliwa wa Ireland, alikuwa akizunguka mashambani kufundisha watu kutumia matrekta. Majembe ya wakati ule yalikokotwa kwa mnyororo au ndoano, na yakigonga jiwe trekta liliweza kuinuka na kupinduka. Alitumia miaka mingi kutafuta namna ya kufunga jembe ili likigonga kitu trekta libaki chini. Jina lake ndilo lile lililoandikwa kwenye matrekta yetu mengi. Ni ajabu kidogo kwamba tunachukua mashine iliyobuniwa ili isipinduke, kisha tunaifunga mnyororo mahali patakapoipindua.

Trekta likikwama, jaribuni kwanza kulitoa kinyumenyume, kwa gia ndogo na polepole. Chimbeni udongo nyuma ya magurudumu. Fungueni jembe au tela likiwapo. Mkilazimika kuvuta kitu kingine, fungeni kwenye ubao wa kukokotea ulio chini, kamwe si juu ya ekseli. Watoto na watazamaji wakae mbali kuliko urefu wa mnyororo, maana mnyororo unaokatika hurudi kama mjeledi. Na kama halitoki, liacheni hadi kesho. Hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote.

Pampu iliyoshushwa kisimani

Kilimo cha bustani kimeenea sana, na pampu ndogo za petroli zimekuwa nyingi vijijini. Pampu hizi zimeleta faida kubwa. Zimeleta pia aina ya kifo ambacho wengi hawakitambui hata baada ya kukiona.

Pampu inayokaa juu ya ardhi haivuti maji kama tunavyovuta ndoo kwa kamba. Inaondoa hewa ndani ya mpira, na uzito wa hewa ya nje ndio unaosukuma maji yapande. Uzito huo una mpaka. Usawa wa bahari hauwezi kupandisha maji zaidi ya mita 10 hivi, na kwa pampu zetu za kawaida mita 7 ni kazi kubwa. Ukiwa kwenye mwinuko wa mita 1,500, hewa ni nyepesi na unapoteza karibu mita moja na nusu zaidi. Hata ukinunua injini kubwa kiasi gani, hutabadilisha jambo hilo.

Sasa kiangazi kinafika, na maji kisimani yanashuka hadi mita 9. Pampu inanguruma lakini haitoi kitu. Mboga zinanyauka. Mtu anawaza: kama pampu haifiki maji, tuishushe chini. Wanachimba kijukwaa ndani ya kisima, wanashusha pampu kwa kamba, na mtu mmoja anashuka kuiwasha.

Moshi wa injini ya petroli una gesi iitwayo monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Inashikamana na damu mara zaidi ya 200 kuliko hewa safi ya oksijeni tunayoihitaji. Ndani ya kisima haina pa kutokea. Mtu anaanza kuumwa kichwa na kuona kizunguzungu, miguu inakosa nguvu, kisha anaanguka. Aliye juu anaona mwenzake ameanguka, anadhani ameteleza, naye anashuka kumsaidia. Ndivyo familia moja inavyoweza kupoteza watu wawili au watatu katika nusu saa, ndugu kwa ndugu, na watu wakasema kisima kile kina mashetani.

Wengine hutumia mshumaa au taa kupima hewa. Mshumaa ukizimika ni dalili kwamba hewa safi imepungua, na hilo ni vizuri kulijua. Lakini monoksidi ya kaboni inaweza kuua mtu huku mshumaa unaendelea kuwaka. Msiutegemee. Injini ikizimwa bado gesi hubaki kisimani kwa muda mrefu.

Kwa hiyo tunasema bila kuzungukazunguka: injini isishushwe kisimani, hata kwa dakika tano, hata kwa kuwashwa juu kisha kushushwa. Kama maji yako chini ya mita 7, tumieni kifaa cha aina nyingine. Pampu ya kamba, inayozungushwa kwa mkono, huinua maji kutoka kina kikubwa kwa sababu haivuti hewa, inabeba maji kwa vizibo vilivyofungwa kwenye kamba. Pampu za kuzama majini zinazotumia umeme wa jua nazo zinapatikana siku hizi, na vikundi vinaweza kuchangia moja. Mtu akianguka kisimani, msishuke. Iteni watu, na kama alishuka akiwa amefungwa kamba kifuani, mvuteni. Kamba hiyo ifungwe kabla ya mtu yeyote kushuka kisimani kwa sababu yoyote.

Hasara zinazokuja polepole

Si kila njia ya mkato humwaga damu. Nyingine hula mfuko kidogo kidogo, na mwenye mashine hajui zimemla wakati gani.

Mfano tunaokutana nao zaidi ni chujio la hewa. Injini ya pawatila au ya mashine ya kusaga huanza kukosa nguvu. Fundi wa njiani anafungua chujio, analitupa pembeni, na injini inaruka kwa nguvu mpya. Mwenyewe anafurahi na kumlipa. Chujio lilikuwa limeziba kwa vumbi, na kuziba kwake ndiko kulikoonyesha kwamba linafanya kazi. Sasa vumbi lile lote linaingia ndani ya silinda, linachanganyika na oili na kuwa kama msasa. Ringi zinalika. Baada ya muda injini inatoa moshi wa buluu, inakunywa oili, na asubuhi haiwaki. Kwenye injini nyingi ndogo chujio ni bakuli lenye oili. Kulisafisha ni kumwaga oili chafu, kuosha bakuli kwa dizeli, na kuweka oili safi hadi kwenye alama. Wakati wa vumbi jingi, angalieni kila siku.

Rejeta inayochemka nayo ina mtego wake. Mtu mwenye haraka anafungua mfuniko, na maji ya moto yanamrukia usoni. Akipona hapo, anamimina maji baridi ya mtoni kwenye injini ya moto, na silinda hedi inapasuka. Subirini ipoe. Nusu saa chini ya mti ni nafuu kuliko silinda hedi.

Na tusisahau mdomo. Watu hupuliza nozeli ya bomba la dawa kwa mdomo ikiziba, wakati unyasi laini au mswaki wa zamani ungetosha. Watu huvuta dizeli kwa mdomo kwa kutumia mpira. Dizeli ikiingia mapafuni, hata kidogo, inaweza kuleta ugonjwa mbaya wa mapafu. Mtu aliyemeza mafuta asitapishwe, apelekwe hospitali.

Si wadogo peke yao

Tusifikiri kwamba njia za mkato ni tabia ya wakulima wasio na fedha. Wasomaji wetu wa Kongwa wanajua habari za Mpango wa Karanga. Mwaka 1946, baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Wataalamu walitembea Tanganyika kwa wiki chache tu, wakapendekeza kulima karanga kwenye ekari zaidi ya milioni 3. Kazi ilianza mwaka 1947. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000.

Kwa haraka waliyokuwa nayo walinunua mashine kuukuu zilizobaki vitani, na hata vifaru waliviagiza vigeuzwe kuwa matrekta. Madereva walifundishwa harakaharaka. Karakana na vipuri havikutosha. Udongo wa Kongwa, ambao hawakuupima vya kutosha, ulikuwa na mchanga mkali uliolika majembe, na wakati wa kiangazi ulikuwa mgumu kama saruji. Sehemu kubwa ya matrekta iliharibika ndani ya mwaka wa kwanza. Ekari zilizopandwa kwa mara ya kwanza zilikuwa kama 7,500. Mwaka 1951 serikali ya Uingereza ilifuta mpango huo, na hasara ilifikia kiasi cha pauni milioni 36. Wagogo wenyeji wa pale wangeweza kuwaeleza bure kuhusu mvua na udongo ule.

Ukingo wa dari

Katika Kumbukumbu la Torati 22:8 kuna agizo fupi ambalo wengi huliruka wanaposoma. Mtu akijenga nyumba mpya, ajenge na ukingo kuzunguka dari, ili asilete damu juu ya nyumba yake mtu akianguka. Nyumba za kule zilikuwa na dari bapa, na watu walikaa juu jioni kupunga upepo.

Tulisoma agizo hili pamoja na kikundi baada ya ajali. Mzee mmoja aliona jambo ambalo sisi hatukuwa tumeliona. Alisema, "Hapa haijaandikwa kwamba anayepanda juu awe mwangalifu. Imeandikwa mwenye nyumba ajenge ukingo." Tulijadili neno hilo hadi giza likaingia. Sheria za nchi zetu zinaelekea huko huko. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya Tanzania ya mwaka 2003 inamwekea mwajiri wajibu wa kumlinda mfanyakazi, na Mkataba Namba 184 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2001, unahusu usalama katika kilimo hasa.

Kikundi kinafanya nini sasa

Walishaji wanalipwa kwa siku. Wenye mahindi walilalamika mwaka wa kwanza kwamba kazi imekuwa ya polepole, na ni kweli, imekuwa ya polepole kidogo. Mtu anayetaka kuondoa magunzi au kugusa mkanda huchukua ufunguo wa trekta na kuutia mfukoni mwake mwenyewe. Hamwachii dereva. Akimaliza ndipo anaurudisha. Hakuna koti, kanga wala kitenge kinachoning'inia karibu na mashine, na kina mama hufunga nywele. Sanduku la bolti, pini na mikanda ya akiba hukaguliwa kabla ya msimu, na mweka hazina anatoa fedha hiyo kabla ya fedha ya dizeli.

Kijana aliyeumia ndiye mtunza sanduku. Yeye pia ana mamlaka ya kuzuia mashine isiwashwe, hata kama mwenyekiti anataka. Mwaka jana alizuia kazi siku nzima kwa sababu ya mpasuko kwenye bomba jipya la plastiki. Mvua ilinyesha jioni ile na watu wawili hawakumsalimia kwa wiki nzima. Tulimtembelea kumtia moyo, tukamkuta hana haja ya kutiwa moyo.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

Someni pamoja Kumbukumbu la Torati 22:8. Katika kikundi chenu, ni nani "mwenye nyumba" wa kila mashine? Je, yeye mwenyewe anajua?

Tembeeni pamoja hadi stoo. Ni vifuniko gani, pini au vichujio vilivyotolewa kwenye mashine na havijarudishwa? Vimekaa huko tangu lini?

Mnawalipaje wanaoendesha na kulisha mashine zenu? Malipo hayo yanawaambia nini kuhusu kuzima mashine?

Mtu mdogo kwa umri akiona hatari, anaweza kuisema mbele ya wazee? Mara ya mwisho kijana alipowaambia kwamba kitu fulani hakiko salama, mlimjibu nini?